Kinachofanya kazi ndani ya tope la Mbweni

Bahari inapokupwa siku za bamvua, ufukwe wa Mbweni hupanuka mpaka mtu akadhani maji yamehama. Hubaki mchanga, nyasi bahari zilizolala chali, na kuelekea mdomo wa Mto Mpiji, pale mikoko ya Mbweni inapojishikiza kwenye mpaka wa Dar es Salaam na Bagamoyo, hubaki tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Mteja anayeletwa na dalali kutazama kiwanja hulihesabu tope hilo kuwa kasoro ya eneo, kitu cha kufukiwa kwa kifusi kabla ya kuanza msingi. Hoja ya makala haya ni kwamba hesabu hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Ile harufu ni dalili ya kazi inayoendelea, na kazi hiyo ni tawi dogo la kazi kubwa inayofanywa na viumbe wasioonekana kwa macho katika maji yote ya dunia, tangu bahari kuu hadi maziwa yetu. Ndiyo iliyoifanya dunia ikalike, na ndiyo inayoendelea kuitunza. Anayeuza ufukwe, anayeujenga na hata anayeulinda, asipoihesabu kazi hiyo, hajui bei halisi ya kitu alichokishika.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Mitaani tunawaita vijidudu, na neno hilo tumelizoea kwenye zahanati, kwenye matangazo ya sabuni na kwenye mabango ya kunawa mikono, kiasi kwamba likitajwa tu mtu huwaza kuhara. Hapa nitawaita vijiumbe, ili tuwape nafasi ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Ndani ya jina hilo wamo bakteria. Wamo arkea, ambao kwa umbo wanafanana na bakteria lakini ukoo wao ni mwingine kabisa. Wamo mwani wa seli moja. Na tukiruhusu, wamo virusi. Mililita moja ya maji ya bahari, yaani matone kama ishirini, huwa na bakteria wapatao milioni moja na virusi wapatao milioni kumi. Mtoto anayechezea maji Mbweni na kumeza funda moja kwa bahati mbaya amemeza idadi ya viumbe inayozidi watu wote wa Dar es Salaam, na karibu mara zote hadhuriki kwa lolote.

Ukubwa wa kazi yao ulichelewa kujulikana kwa sababu vyombo vya kuwaonea vilichelewa. Mwaka 1988 Sallie Chisholm wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts na wenzake walimtangaza kijiumbe aliyejaa katika bahari zote za joto, na ambaye hadi wakati huo sayansi ilikuwa ikimpita bila kumtambua. Jina lake ni Prochlorococcus. Ni mdogo kiasi kwamba wanahitajika zaidi ya 1,600 kupanga mstari wa milimita moja, lakini anafanya usanisinuru kama unavyofanya mwembe: anapokea mwanga wa jua, anachukua hewa ukaa, anatengeneza chakula na kuachia oksijeni. Miaka kumi baadaye, mwaka 1998, Christopher Field na wenzake walikokotoa chakula chote kinachotengenezwa na mimea na vijiumbe duniani kwa mwaka, wakapata takribani tani bilioni 105 za kaboni. Karibu nusu ilitoka baharini. Kinachoshangaza ni kwamba vijiumbe wa baharini wanaofanya nusu hiyo, ukiwapima kwa uzito, hawafiki hata asilimia moja ya viumbe vyote vinavyotumia mwanga wa jua. Msitu hujirundikia mbao kwa miaka mia; shamba la baharini huota, huliwa na kuota tena ndani ya siku chache, na kwa hiyo halionekani kamwe limesimama. Macho yetu yamefundishwa kuona utajiri uliorundikwa. Utajiri unaozunguka unatupita.

Kutokana na hesabu hiyo limezaliwa dai ambalo husikika kila Juni 8, Siku ya Bahari Duniani: kwamba kila pumzi ya pili unayovuta inatoka baharini. Msomaji makini anayo haki ya kulipinga. Oksijeni inayozalishwa baharini leo hutumiwa karibu yote humohumo, na samaki, na vijiumbe wengine, na mabaki yanapooza. Kinachobaki kwenda hewani ni kidogo mno. Kama usanisinuru wote wa dunia ungegoma kesho asubuhi, tungekufa kwa njaa muda mrefu sana kabla ya kukosa pumzi, kwa sababu oksijeni iliyomo hewani, asilimia 21 ya hewa yote, ni akiba iliyojengwa kwa mamilioni ya miaka. Napenda dai hilo lisahihishwe, kwa kuwa likisahihishwa linatufikisha mahali pazito zaidi. Swali linakuwa: akiba hiyo ilijengekaje, ikiwa kila kinachozalishwa huliwa? Jibu ni tope. Kiasi miaka bilioni 2.4 iliyopita, sayanobakteria, yaani bakteria wa majini wanaofanya usanisinuru, walianza kuibadilisha hewa ya dunia, na oksijeni yao ilibaki pale tu miili yao ilipozama na kufukiwa chini ya maji kabla haijaoza. Kila punje ya kaboni iliyozikwa kwenye tope iliacha oksijeni yake juu bila wa kuidai. Pumzi tunayovuta, kwa maana hiyo, ni upande wa pili wa daftari ambalo upande wake wa kwanza uliandikwa ndani ya tope la chini ya bahari.

Turudi nyumbani tukiwa na jambo hilo mkononi, maana bahari ya Dar es Salaam ina tabia yake. Mkondo wa bahari unaopanda kuelekea kaskazini kando ya pwani yetu huleta maji safi, ya joto, na maskini wa mbolea. Usafi ule unaopendwa na wapiga picha ni dalili ya njaa. Mbolea inayopungua zaidi ni naitrojeni, ambayo imejaa hewani lakini katika hali ambayo mimea mingi haiwezi kuitumia. Katika miaka ya 1970 Ian Bryceson wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, katika maji ya jiji hili msimu kwa msimu. Baadaye, mwaka 2002, Charles Lugomela, Thomas Lyimo, Bryceson, Adelaida Semesi na Birgitta Bergman walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu Trichodesmium wa pwani ya Tanzania. Hao ni sayanobakteria wanaoishi kwa mafungu ya nyuzi, na wanao uwezo wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Hustawi majira ya kaskazi, upepo unapolegea na maji yanapotulia na kupata joto. Hapo huweza kuonekana juu ya maji wametanda mithili ya vumbi la mbao. Wavuvi wengi wamewahi kuwapita wakidhani ni takataka. Kumbe ni wao wanaotia mbolea katika maji yasiyokuwa nayo. Wahenga waliosema vyaelea vimeundwa walikuwa wakiangalia majahazi, lakini katika bahari hii hata hicho kinachoelea kama vumbi kina uundaji wake, na dagaa anayeanuliwa Ununio ana deni kwake.

Si kila mbolea huishia mdomoni mwa samaki moja kwa moja. Sehemu kubwa ya chakula kinachotengenezwa na vijiumbe huvuja na kuyeyuka majini, na kingepotea kama bakteria wasingekila, wakaliwa na vijiumbe wakubwa kidogo, nao wakaliwa na planktoni wanaoliwa na vifaranga vya samaki. Farooq Azam na wenzake waliueleza mzunguko huo mwaka 1983, na tangu hapo elimu ya bahari haikuwa ileile. Matumbawe nayo yana siri ya namna hiyo: rangi na sehemu kubwa ya chakula chao hutoka kwa mwani wa seli moja wanaoishi ndani ya miili yao. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda kwa El Niño, mwani hao walitolewa, na matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi yakageuka meupe na mengi yakafa. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimekuwa hifadhi tangu mwaka 1975, na hifadhi inaweza kumzuia mtu anayevua kwa baruti. Lakini tumbawe lisilo na mwani wake halifi kwa sababu ya mtu aliyeingia na chombo usiku. Linakufa kwa maji yaliyobadilika. Ukiwa umehifadhi mwamba na hukuhifadhi hali ya maji, umehifadhi nusu.

Sasa tope. Hapa tunayo bahati ambayo wakazi wengi wa jiji hawaijui, kwani mmojawapo wa vijiumbe wa tope wanaojulikana na sayansi ni mwenyeji wa Temeke. Kutoka kwenye tope la mikoko ya Mtoni, Thomas Lyimo, akishirikiana na wanasayansi wa Nijmegen, Uholanzi, alimtenga arkea ambaye hakuwahi kuelezwa na yeyote, na mwaka 2000 wakamtangaza kwa jina la Methanosarcina semesiae. Jina hilo ni heshima kwa Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa mikoko na mwani aliyeongoza kuandikwa kwa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara wa mwaka 1991, na aliyefariki mwaka 2001. Mji huu una barabara na shule zenye majina ya watu wakubwa. Huyu mama ana kiumbe hai, anayeishi bila oksijeni ndani ya tope la Mtoni, na jina lake litasomwa na wanafunzi wa baiolojia wa Japani na Brazili hata pale majengo yetu yatakapokuwa yamebomolewa. Kwangu hilo ni jambo la kujivunia waziwazi.

Kinachofanyika katika tope hilo kinaeleweka vizuri kiasi. Majani ya mkoko huanguka, kaa huyaburuta shimoni, na bakteria huanza kuyaoza. Oksijeni humalizika haraka, milimita chache tu chini ya uso. Kuanzia hapo wanaingia bakteria wanaopumua salfeti, chumvi iliyo tele katika maji ya bahari, kama sisi tunavyopumua oksijeni. Taka ya upumuaji wao ni ile hewa ya salfa inayonuka yai viza, na ikikutana na chuma kilichomo kwenye udongo hutengeneza ule weusi. Wengine huchukua naitrojeni ya majitaka na kuirudisha hewani ikiwa haina madhara. Wengine huachia mbolea kidogokidogo kwa mikoko, kwa kamba na kwa nyasi bahari zilizo jirani. Uozaji wa namna hii ni wa polepole, na kwa sababu ni wa polepole, kaboni nyingi hubaki imezikwa. Utafiti wa misitu ya mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta wastani wa takribani tani 1,000 za kaboni kwa hekta, sehemu kubwa ikiwa chini, udongoni. Huu ni uzikaji uleule uliotuachia oksijeni zamani. Mikoko ya Mbweni inauendeleza leo, kila maji yanapojaa na kupwa.

Atatokea wa kuuliza: je, huyo arkea wa Mtoni si mtengenezaji wa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa? Ndiye. Swali ni zuri, na jibu lake linaeleza kwa nini kifusi ni hatari kuliko kinavyoonekana. Kwenye tope linalofikiwa na maji ya chumvi, bakteria wa salfeti huwashinda watengenezaji wa methani katika kugombea chakula kilicho bora, na watengenezaji hao hubakiwa na makombo ambayo wenzao hawayataki. Semesiae kwa mfano huishi kwa kula viambato vya salfa vinavyotokana na mwani na mimea iliyooza. Ndiyo maana methani ya mikoko huwa ndogo. Lakini ziba njia ya maji ya bahari kwa kifusi na ukuta, kisha ruhusu majitaka ya nyumba yajikusanye nyuma yake, na utakuwa umeondoa salfeti na kuongeza chakula. Mizani inageuka. Dimbwi lile lililokuwa likizika kaboni linaanza kutoa methani, na kaboni iliyokuwa imelala chini, ikifukuliwa kwa ajili ya msingi, inakutana na oksijeni na kuoza. Mwenye kiwanja atakuwa ameondoa harufu moja na kuleta madhara ambayo hayana harufu.

Pingamizi la maradhi nalo si la kupuuzwa, hususan Kinondoni, wilaya iliyo na Mbweni. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia katika wilaya hii kabla ya kusambaa katika mikoa mingi ya nchi. Na kimelea chake, Vibrio cholerae, ni mwenyeji wa maji ya mahali mto unapokutana na bahari. Mwaka huohuo wa 2015 watafiti wa Tanzania na wenzao walichapisha taarifa za kukuta aina zenye jeni za sumu katika midomo ya mito ya pwani yetu. Kimelea huyo hujishikiza kwenye planktoni wadogo. Ni kwa sababu hiyo wanakijiji wa Bangladesh, katika utafiti ulioongozwa na Rita Colwell na kuchapishwa mwaka 2003, walipunguza ugonjwa karibu nusu kwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Kwa hiyo ndiyo, adui yumo majini. Lakini humohumo wamo virusi wanaomuua na vijiumbe wanaomla, na katika maji yenye afya idadi yake hubanwa. Kinachomfanya awe janga ni choo kinachotapishwa mtoni wakati wa masika na kisima kilichochimbwa jirani na shimo la majitaka. Na tunapotaka kuyasafisha majitaka hayo, tunawaita nani? Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yanafanya kazi kwa jua, muda, mwani na bakteria. Jiji limekuwa likiwategemea vijiumbe kusafisha uchafu wake kwa miaka mingi, huku likiendelea kuwaita vijidudu.

Hoja ngumu kuliko zote ni hii ya mwisho: viumbe walioishi miaka zaidi ya bilioni tatu, wakapita katika barafu na volkano, watadhuriwaje na nyumba za Mbweni? Hawatadhuriwa. Vijiumbe watabaki, na pengine watabaki wao peke yao. Kinachobadilika ni nani kati yao anashika usukani, na kwa faida ya nani. Ziwa Victoria limetuonyesha. Kati ya miaka ya 1960 na 1990, mbolea za mashambani, udongo uliomomonyoka na majitaka ya miji viliongeza mwani mara kadhaa. Daiatomu, mwani wa seli moja waliokuwa chakula kizuri cha samaki, wakapisha sayanobakteria, baadhi yao wenye sumu, na maji ya kina yakakosa oksijeni kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ziwa Tanganyika limetuonyesha upande mwingine. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kwamba joto limefanya maji ya juu yasichanganyike vya kutosha na maji ya chini yenye mbolea, na kwamba uzalishaji wa mwani umepungua kwa takribani asilimia 20, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa kama asilimia 30. Katika ziwa moja vijiumbe waliongezeka na katika jingine walipungua, na pande zote mbili mabadiliko hayo hayakuwa kwa faida ya mvuvi. Ustahimilivu wa vijiumbe si bima yetu. Wao wanaweza kuishi katika dunia ambayo sisi hatuiwezi, ndiko walikotoka.

Watu wanahitaji kukaa mahali, na Dar es Salaam haitaacha kukua kuelekea Bunju na Bagamoyo kwa sababu ya makala ya gazeti. Wala simwombi mtu aishi juu ya mti. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi kisheria, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kandokando ya mito. Tatizo la sheria hizi ni kwamba mwananchi hazimwelezi kinacholindwa. Anayekatazwa kukata mti anauona mti. Anayekatazwa kumwaga kifusi kwenye tope tupu haoni chochote, na kwake katazo linakuwa usumbufu wa afisa. Baadhi ya shule za kata zilizo pwani zina hadubini, japo chache, na tone la maji ya Mto Mpiji halinunuliwi. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyewahi kumwona daiatomu akimetameta chini ya kioo hahitaji kuhubiriwa kwa nini mkondo usizibwe.

Ombi langu kwa wajumbe wa serikali za mitaa ya Mbweni, Ununio na Kunduchi, na kwa kila anayeshika ramani ya kiwanja upande wa bahari, ni moja. Kabla ya lori la kifusi kuruhusiwa, nendeni kwenye tope hilo maji yakipwa, mtazame njia ambazo bahari inapita kuingia na kutoka, na mziache wazi.